Kulala hemani kwenye baridi: mfuko na mkeka, maji ya moto, umeme, au jiko?

Baridi ya hemani haikupati jioni. Jioni una koti, una moto wa nje, una soga na kikombe mkononi. Inakungoja saa kumi alfajiri, moto umekuwa jivu, wenzako wanakoroma, nawe umejikunja kama jongoo ukihesabu dakika zilizobaki kabla ya jua. Hapo ndipo kifaa ulichonunua kinapopimwa, na ndiyo maana katika ulinganisho huu nitairudia saa hiyo kila mara.

Waliozoea kupiga kambi hawakubaliani juu ya njia bora. Mmoja ataapa kwa mfuko wake wa manyoya ya bata, mwingine kwa chupa ya maji ya moto, wa tatu haendi popote pasipo na soketi, na wa nne anakokota jiko la bati lenye bomba. Wote wanne hulala vizuri, kwa sababu kila mmoja analala mahali tofauti. Anayekosea ni yule anayeazima jibu la mwenzake bila kuazima na safari yake.

## Vigezo vitano

Kwanza, joto linakwenda wapi. Mtu aliyelala hutoa joto la karibu wati 70 hadi 80, sawa na balbu ya zamani ya nyuzi. Hilo linatosha kumlaza salama hata kwenye baridi kali, mradi lisikimbie. Nalo lina njia nne za kukimbilia: hunyonywa na ardhi, hupeperushwa na upepo, humulikwa kuelekea anga tupu la usiku, na huondoka pamoja na jasho na pumzi. Kifaa kinaweza kulizuia lisitoke au kuongeza jingine juu yake. Kikiongeza, ni lazima uulize kama kinampasha mtu au kinapasha hewa ya hema. Hema ni shuka lililosimamishwa kwa vijiti. Kupasha hewa yake ni kuteka maji kwa pakacha, utayapata tu ukiendelea kuteka.

Kigezo cha pili ni muda: joto hilo litafika alfajiri, au litakuaga saa sita usiku? Cha tatu ni mzigo, yaani kilo unazobeba pamoja na fedha unazotoa. Cha nne ni unyevu. Hiki wanaoanza hukisahau na wazoefu hukilalamikia, maana nyuzi na manyoya huhifadhi joto kwa kukamata hewa, na maji yakishika mahali pa hewa, kazi imekwisha. Cha tano ni hatari, na hapa sina mzaha, kwa kuwa zipo njia za kujipasha hemani ambazo mtu hulala asiamke.

## Yasiyonunuliwa

Kabla ya kuchagua kifaa, kuna mambo ya bure yanayozisaidia njia zote nne. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutiririka kama maji na kutuama mabondeni. Hatua chache juu ya mteremko, palipokingwa na upepo, mara nyingi pana nafuu kuliko kando ya kijito kule chini panapopendeza kwa picha. Ukipanda mlima, tarajia joto kushuka kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi kila mita 1,000. Tenga nguo kavu za kulalia tu, hasa soksi, kwa kuwa zile ulizotembea nazo zina jasho hata kama hulihisi. Pamba ikilowa huchelewa kukauka; sufu na poliesta ni afadhali. Kula kabla ya kulala. Nenda haja hata kama hujabanwa, maana saa nane usiku utabanwa, na kutoka nje kutamaliza joto lote ulilokusanya. Pombe iache: hupanua mishipa ya ngozini, ukahisi joto huku unalipoteza.

Kuna uzushi wa kambini kwamba mtu akilala uchi ndani ya mfuko hupata joto zaidi. Si kweli. Nguo kavu zisizobana huongeza joto. Kofia nayo vaa, ingawa si kweli pia kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Kichwa ni karibu asilimia 10 tu ya ngozi, ila ndicho kinachobaki nje ya mfuko.

## Njia ya kwanza: mfuko wa kulalia na mkeka

Naanza na mkeka kwa makusudi. Usiku wangu mbaya kuliko wote niliulala ndani ya mfuko mnene ajabu, juu ya godoro la kujaza hewa lenye kimo cha kiti kidogo. Tumbo lilikuwa na joto, mgongo ulikuwa barafu. Nililaumu mfuko, kumbe kosa lilikuwa chini yangu. Uzito wa mwili huubana mfuko upande wa chini hadi hauna hewa ya kukamata, na hewa iliyo ndani ya godoro tupu huzunguka, ikichukua joto juu na kulikabidhi ardhini usiku kucha. Kimo cha godoro hakisaidii kitu.

Joto. Uwezo wa mkeka kuzuia baridi huandikwa kwa thamani iitwayo R, na tangu mwaka 2020 hivi watengenezaji wengi huipima kwa kipimo kimoja, ASTM F3340, kwa hiyo unaweza kulinganisha chapa mbili bila kudanganyika. Mkeka wa sponji ngumu unaokunjwa huwa na R ya karibu 2. Kwa usiku wa baridi ya kawaida tafuta 3 hadi 4; kwenye theluji au ardhi iliyoganda, 5 na zaidi. Uzuri wake ni kwamba R hujumlishwa: sponji ya 2 chini, godoro lenye kizuia baridi la 3 juu, umepata 5. Tena godoro likitoboka usiku, sponji bado ipo.

Mifuko nayo ina lugha yake. Iliyopimwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 23537 (kabla yake ilikuwa EN 13537) huandikwa viwango vya joto. Cha starehe ni pale mwanamke wa wastani analala kwa raha bila kujikunja. Cha ukomo ni pale mwanamume wa wastani, amejikunja, bado anastahimili. Cha mwisho ni pale mwanamke wa wastani anaweza kuvuka muda wa saa 6 bila kufa kwa baridi, ingawa vidole vinaweza kuumia. Matangazo hupenda kukuza cha pili, na mengine bila haya hukuza cha mwisho. Wewe soma cha kwanza, kisha uchague mfuko ambao starehe yake iko nyuzi 5 hivi chini ya baridi unayoitarajia. Kumbuka pia kwamba kipimo hufanywa kwa sanamu yenye hita, iliyovishwa nguo ndefu za ndani na kulazwa juu ya mkeka. Namba ile ni ya mfuko, nguo na mkeka kwa pamoja. Ukiondoa mkeka, umeondoa namba.

Tena mfuko hauzalishi joto. Ukiingia ukiwa umepoa, utakutunzia ubaridi wako. Rukaruka nje kidogo, au kaza na kulegeza misuli ukiwa ndani, damu ichangamke bila jasho kutoka.

Muda. Hapa njia hii haina mpinzani. Haiishi mafuta, haiishi chaji, na saa kumi alfajiri inafanya kazi ileile iliyofanya saa tatu usiku.

Mzigo na unyevu. Haya mawili siwezi kuyatenganisha, maana ndiyo yanayoamua kati ya manyoya na poliesta. Manyoya ya bata au bukini ni mepesi, hukunjika yakawa madogo kuliko kichwa cha mtu, na yakitunzwa hudumu miaka mingi sana. Ubora wake huandikwa kwa namba kama 600 au 800, inayoonyesha yanafutuka kiasi gani. Wengi huisoma vibaya. Namba kubwa maana yake ni gramu chache kwa joto lilelile. Mfuko wa 600 uliojazwa gramu nyingi unaweza kumlaza mtu vizuri kuliko wa 800 uliojazwa kidogo. Udhaifu wa manyoya ni maji. Yakilowa hushikamana mabonge na mfuko unabaki kitambaa. Na si lazima mvua ikunyeshee: jasho na pumzi za usiku tatu mfululizo kwenye baridi ya chini ya sifuri hujikusanya ndani yake. Mfuko ambao usiku wa kwanza ulifura kama mkate, usiku wa nne unalala bapa.

Poliesta ni nzito na kubwa zaidi kwa joto lilelile, na miaka ya kukandamizwa huichosha, lakini ikilowa hubaki na sehemu ya uwezo wake, hukauka upesi, inafuliwa bila woga, na bei yake ni nafuu. Kwa mahali penye mvua baridi, nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri na kila kitu kina umande, mimi hubeba poliesta na sioni haya. Baridi kavu yenye theluji ya unga ndiyo nyumbani kwa manyoya.

Kwa vyovyote vile, usipumulie ndani ya mfuko. Najua pua inauma. Ifunike kwa skafu, lakini pumzi iende nje, na matundu ya hema yabaki wazi hata kama roho haitaki. Ukiyaziba, mvuke utaganda juu ya kitambaa na kukunyeshea asubuhi. Kila jua likitoka, anika mfuko.

Hatari. Karibu hakuna, isipokuwa kuamini namba na kwenda mahali kubaya kuliko namba hiyo.

Anayefaa. Mtu anayebeba mgongoni, anayehama kila siku, au anayekwenda mbali na msaada. Haimfai sana yule anayepiga kambi usiku mmoja kwa mwaka, kwa kuwa mfuko mzuri wa baridi kali ni miongoni mwa vifaa ghali zaidi vya kambini. Huyo aazime au akodi.

## Njia ya pili: maji ya moto na pakiti za joto

Hii huonekana dawa ya bibi, na wengi huidharau mpaka wapige hesabu. Lita moja ya maji hutoa kilojuli 4.2 kila inapopoa kwa nyuzi moja. Ikipoa kutoka 85 hadi 35, imekupa kilojuli 210, ambazo ni kama watisaa 58, yaani nishati ya wati 58 kwa saa moja. Pawabenki (betri ya kubeba ya kuchajia simu) ya mAh 10,000, yenye volti 3.7 ndani, ina watisaa 37, na hapo hatujatoa upotevu wa njiani. Chupa moja ya maji, yaani, inaishinda pawabenki ambayo watu hutembea nayo kwa fahari. Nilipoipiga hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia nikidhani nimekosea nukta.

Joto. Linaingia moja kwa moja mwilini. Wengi huweka chupa miguuni. Mimi huiweka kwanza ndani ya mfuko nusu saa kabla ya kuingia, kisha nikilala naishika katikati ya mapaja, mahali mishipa mikubwa inapopita karibu na ngozi, na damu yenyewe hulipeleka joto miguuni.

Muda. Hapa ndipo inaposhindwa. Hutoa mengi mwanzoni na kupungua kila saa. Ndani ya mfuko mzuri utaihisi kwa muda wa saa nne hadi sita. Ukilala saa tatu usiku, alfajiri ni vuguvugu tu. Ukiamka katikati ya usiku unaweza kuchemsha nyingine, au ukatoa maji uliyoyahifadhi kwenye chupa ya chai. Swali ni kama utakubali kuamka.

Pakiti za unga wa chuma zinaziba pengo hilo. Zikifunguliwa, chuma hushika kutu kwa haraka ndani ya kifuko na kutoa joto kwa saa 6 hadi 10. Zinahitaji hewa, kwa hiyo ukizibana chini ya kisigino ndani ya soksi tatu zitazimia, na watu huzilaumu bure. Zile za kubonyeza kibati, zenye asetati ya sodiamu, hupanda haraka hadi nyuzi 50 na kitu, lakini huisha baada ya saa moja au mbili. Faida yake ni kwamba ukizichemsha huanza upya.

Mzigo. Chupa unayo tayari. Unachoongeza ni mafuta ya kuchemshia. Chagua chupa ya plastiki ngumu yenye kifuniko cha kuaminika. Bei ni ndogo kuliko zote. Asubuhi maji hayo hayajaganda na yanaingia sufuriani, jambo ambalo kwenye baridi ya chini ya sifuri ni neema.

Unyevu. Chupa isiyovuja haiongezi hata tone. Ikivuja, umejimwagia lita nzima ndani ya manyoya usiku wa manane. Igeuze juu chini na kuitikisa kabla ya kuingia nayo.

Hatari. Kuungua, basi. Joto lisiloumiza likigusa ngozi kwa dakika moja, hata la nyuzi 45 tu, huweza kuunguza likikaa palepale saa nyingi. Valisha chupa soksi. Pakiti usizilalie juu ya ngozi tupu. Watoto wadogo, wazee, na watu waliopungukiwa hisia miguuni kwa sababu ya kisukari wana haja ya uangalifu zaidi. Na maji yachemshiwe nje.

Anayefaa. Karibu kila mtu, lakini kama nyongeza. Mtu ambaye mfuko wake unapungukiwa nyuzi chache, au ambaye miguu yake huchelewa kupata joto, atapata faida kubwa kwa gharama ndogo. Haiwezi kuokoa mfuko usiofaa kabisa.

## Njia ya tatu: umeme

Zipo mbili zisizofanana: umeme wa soketi kwenye viwanja vya kambi, na umeme wa betri unaoubeba.

Joto. Blanketi la umeme la chini hutumia wati kadhaa, mara nyingi chini ya 100, na zote zinamwendea mtu. Hita ya feni hutumia 1,000 hadi 2,000, na nyingi zinakwenda kupasha nyota. Ukiizima, ndani ya dakika chache hema limerudi lilivyokuwa. Viwanja vingi pia huweka ukomo wa ampea. Pale penye ampea 6 kwa volti 230 una wati 1,380 tu, na ukiwasha hita pamoja na birika, fyuzi itaanguka na jirani zako watakujua kwa jina. Mimi nikipewa soketi moja nachukua blanketi, bila kusita.

Kwa upande wa betri, fulana au pedi ya wati 10 itamaliza pawabenki ya mAh 10,000 kwa saa tatu hivi. Inaonekana haba. Lakini betri ina jambo moja ambalo maji hayana: inasubiri. Unalala bila kuiwasha, na saa kumi alfajiri, baridi inapofika kileleni, unabonyeza. Saa tatu zilizowekwa mahali pake zinaweza kuwa na thamani kuliko saa sita zilizotumika ulipokuwa bado na joto la chakula.

Muda. Soketi: mpaka asubuhi, ilmradi umeme usikatike. Betri: ulichobeba, na pungufu yake kwa sababu ya baridi. Ilaze ndani ya mfuko pamoja nawe, na usiichaji ikiwa chini ya sifuri, maana betri za lithiamu huharibika hivyo.

Mzigo. Soketi inakufunga na gari na kiwanja. Pawabenki kubwa ina uzito wa kutosha kukufanya ujiulize kama gramu hizohizo zisingefanya kazi zaidi zikiwa manyoya.

Unyevu. Umeme hauongezi mvuke, na blanketi huacha malazi makavu. Hii ni faida kubwa isiyosifiwa.

Hatari. Waya wa kuongezea uukunjue wote. Ukibaki umezungushwa kwenye kigurudumu chake huku unabeba mzigo mkubwa, huchemka hadi kuyeyuka. Maungio yawe juu ya ardhi na mbali na maji. Hita isikae karibu na ukuta wa hema wala nguo zilizoanikwa, na usiiache ikiwaka umelala.

Anayefaa. Familia yenye watoto kwenye kiwanja chenye huduma, wazee, na yeyote anayekaa mahali pamoja siku kadhaa. Anayetembea kwa miguu atumie betri kama akiba ya alfajiri tu.

## Njia ya nne: moto ndani ya hema

Hapa maneno matatu yanachanganywa na watu, na mchanganyiko huo unaua. Jiko la kuni lenye bomba ni kitu kimoja. Hita ya gesi isiyo na bomba ni kitu cha pili. Mkaa ni cha tatu, nao nitaumaliza kwanza: usiingize mkaa hemani. Hata ukiwa umekolea hauna moshi, hata yakiwa makaa mawili ya mwisho, hata mlango ukiwa nusu wazi. Makaa yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Na mtu aliyekwisha kulala hana wa kumwambia kwamba kichwa kinamuuma. Jiko la kupikia la gesi au mafuta ni vivyo hivyo: si kifaa cha kupashia hema.

Joto. Jiko la kuni lenye bomba, ndani ya hema la turubai lililotengenezwa likiwa na tundu lake la bomba, ni anasa. Ni njia pekee kati ya hizi nne ambamo unavua koti, unakaa, unashona soksi, unaongea. Hita ya gesi nayo hupasha haraka, ila kila inachounguza kinabaki ndani pamoja nawe.

Muda. Jiko dogo la kubebeka humeza kuni na kutaka nyingine kila saa moja au mbili. Usiku mrefu unahitaji zamu. Mkilala wote, saa tisa mtaamka kwenye hema lililo baridi kama la jirani asiye na jiko, kwa hiyo mfuko wa kulalia unaofaa bado mnauhitaji. Hili huwashangaza walionunua jiko ili wasinunue mfuko.

Mzigo. Kilo kadhaa za jiko na bomba, hema zito, msumeno, na kuni zenyewe, ambazo baadhi ya hifadhi haziruhusu kuokotwa. Ni mzigo wa gari, wa sleji (kigari cha kuburutwa juu ya theluji) au wa kundi linalogawana. Gesi ni nyepesi, lakini makopo yenye butani peke yake husuasua karibu na sifuri, kwa kuwa butani huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri. Isobutani huvumilia hadi karibu 12 chini, na propani hadi 42 chini.

Unyevu. Hapa wawili hawa ni maadui. Jiko lenye bomba huvuta hewa yenye mvuke na kuitoa nje. Soksi hukauka, mifuko hukauka, na safari ya wiki kwenye theluji inawezekana. Gesi isiyo na bomba hufanya kinyume: kilo moja ya propani ikiungua huzaa kilo 1.6 hivi za maji, zote zikiwa mvuke ndani ya hema. Utahisi joto saa moja, kisha kuta zitaanza kutiririka.

Hatari. Kubwa kuliko njia zote. Jiko lenye bomba linataka hema lililokusudiwa, tundu la hewa chini na juu, kitambuzi cha kaboni monoksaidi kinachofanya kazi, na kisu karibu cha kuchania ukuta moto ukishika. Nailoni nyembamba haistahimili hata cheche. Hita ya gesi, hata ile yenye kihisi cha oksijeni kupungua, naikubali kwa dakika chache tu: mko macho, mlango uko wazi, mnabadili nguo. Kabla ya kulala inazimwa na kutolewa.

Anayefaa. Kundi linalokaa mahali pamoja siku nyingi kwenye baridi kali, lenye mtu anayejua jiko na walio tayari kuamka kwa zamu. Haimfai anayeanza, wala mtu wa peke yake mwenye hema dogo.

## Kwa hali yako

Kama unabeba kila kitu mgongoni na kuhama kila siku, weka fedha kwenye mkeka kwanza, kisha mfuko, halafu ongeza chupa. Mpangilio huo una sababu: kuongeza sponji ya gramu 400 chini ya godoro hafifu kunaweza kukufaa kuliko kubadilisha mfuko mzima. Mahali pa mvua chagua poliesta, mahali pakavu manyoya.

Kama unakwenda na gari mahali pasipo umeme, uzito si kitu, basi usijibane: mikeka miwili, mfuko wa bei nafuu, blanketi zito la sufu juu yake, na chupa mbili za maji. Wawili wanaolala pamoja wanaweza kuunganisha mifuko kwa zipu, ila wazibe pengo la mabegani.

Kama kuna soketi, lala juu ya blanketi la umeme lakini uwe na mfuko unaoweza kukufikisha asubuhi umeme ukikatika. Pamoja na watoto hii ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi zaidi; hakikisha tu mtoto hana mfuko wa mtu mzima, kwa kuwa nafasi tupu miguuni ni hewa anayopaswa kuipasha peke yake. Ukiwa nao huo tu, kunja ncha ya chini uifunge.

Kama mnakaa wiki kwenye theluji, mko watano na sleji ipo, fikirieni jiko lenye bomba, mkilijaribu kwanza karibu na nyumbani usiku mmoja.

Na kama unasoma haya ukiwa tayari hemani, ni usiku, na unatetemeka: tandaza chini yako kila kitu kilicho kikavu, begi tupu, kamba, koti la ziada, kabla ya kuongeza cha juu. Badilisha soksi. Kula kitu chenye sukari. Chemsha maji nje, uingie na chupa, au ingia mfuko mmoja na mwenzako. Kutetemeka ni dalili kwamba mwili bado unapigana. Mwenzako aliyekuwa akitetemeka akaacha, huku anakokota maneno, anapepesuka au anaanza kuvua nguo, hajapata joto: mkinge na ardhi na upepo, mvue kilicholowa, mfunike, mpashe kifuani na kwapani bila kumsugua, na msaada uitwe usiku huohuo.